Ngoma za kizungu nilizojifunzia Lushoto

Najua nimeadimika. Tangu ile habari ya boom kuchelewa sijaandika kitu hapa, na kuna wawili watatu mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani! Nilikuwa Lushoto kwa mazoezi ya kufundisha wiki nane, nikarudi chuo nikakuta mitihani imenikalia kooni. Leo umeme upo, mwenzangu wa chumba kaenda kwao Kigamboni, na nina jambo limenikaa rohoni tangu Julai. Chukua chai yako, habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Wanaonifahamu wanajua kwamba napiga dramu. Nimeanza kwenye kwaya ya kwetu Lushoto nikiwa darasa la sita, na hata hapa hosteli kitanda changu kinajua habari zake (pole jirani wa ghorofa ya chini). Basi niliporudi nyumbani kwa mazoezi nikajiunga tena na kwaya. Jumapili moja, ile baridi ya Julai ambayo ukimsimulia mtu wa Dar anadhani unamtania, nilipiga kwa moyo wangu wote. Ibada ilipokwisha mzee mmoja wa kwaya akanivuta pembeni, akanishika bega kwa upole kabisa. Akasema, "Mwanangu, unajua kupiga. Lakini hizo ni ngoma za kizungu. Hapa tunamwimbia Mungu kwa vya kwetu."

Nikasema asante mzee. Jumapili iliyofuata nikakuta dramu zimefunikwa shuka, na kinanda kimewekewa ule mdundo wake wa kubonyeza kitufe. Kinanda cha Kijapani, waungwana! Nilimaindi, siwafichi. Ila nilipofika nyumbani hasira ziliisha, swali likabaki. Mimi nasomea ualimu wa Historia na Kiswahili. Mtu akiniambia mikono yangu inaongea lugha ya watu wengine, inabidi nimpe jibu lenye ushahidi, kununa peke yake hakutoshi. Kwa hiyo leo naandika historia ya mikono yangu.

Nianze na walionifundisha. Wote walinifundisha bila kunijua, kupitia kanda za mjomba wangu na baadaye kupitia simu. Na ni kweli, mzee wa kwaya hakukosea: walimu wangu ni Waingereza wa muziki wa roki.

Wa kwanza ni Ringo Starr, mzaliwa wa Liverpool, 1940, aliyeingia Beatles Agosti 1962. Huyu bwana anatumia mkono wa kushoto, lakini akawa anapiga seti iliyopangwa kwa mtu wa kulia. Matokeo yake, akitaka kuzunguka ngoma zote anaanza na mkono ambao wewe hukuutarajia, na mapigo yanatoka kama mtu anayeteremka ngazi kwa mguu usio wake lakini haanguki. Watu walimcheka miaka mingi kwamba hajui. Mimi nilichochukua kwake ni kwamba mpiga dramu ni mtumishi wa wimbo. Wimbo ukisema kaa kimya, unakaa kimya.

Wa pili ni Charlie Watts wa Rolling Stones, aliyefariki Agosti 2021. Moyo wake ulikuwa kwenye jazi, roki ilikuwa kazi. Mtazame kwenye video zake nyingi: mkono wa kushoto unapopiga ile ngoma ndogo ya mbele, mkono wa kulia unaachia matoazi ya mguu, haupigi. Wapigaji wengi tunapiga vyote viwili kwa pamoja. Yeye anaacha kitundu, na kwenye kitundu hicho ngoma inasikika peke yake, safi. Ilinichukua mwezi mzima kuzoea. Ndugu zangu, kutopiga ni kazi ngumu kuliko kupiga.

Wa tatu ni John Bonham wa Led Zeppelin, aliyezaliwa 1948 na kufariki Septemba 1980 akiwa na miaka 32 tu. Mguu wake mmoja kwenye ngoma kubwa ulifanya kazi ambayo wengine walihitaji miguu miwili. Ila kilichonishika mimi ni habari ya nyumba. Kwenye albamu yao ya nne, ya 1971, kuna wimbo unaoitwa When the Levee Breaks. Dramu zake zilirekodiwa katika nyumba ya zamani huko Uingereza inayoitwa Headley Grange. Wakaweka seti chini ukumbini penye ngazi, vipaza sauti wakavining'iniza juu. Ule mshindo mkubwa unaousikia ni wa ukumbi na ngazi. Niliposoma habari hiyo nikaenda kanisani siku ya katikati ya wiki, nikasogeza dramu kutoka kona ya madhabahu nikaziweka karibu na mlango, chini ya bati tupu. Mama mmoja aliyekuwa anapanga maua akaacha kazi yake akasimama kunitazama. Nadhani hapo ndipo matatizo yangu na kwaya yalipoanza, teh teh.

Halafu tazama hili. Wimbo huohuo wa Zeppelin asili yake ni wa Wamarekani weusi wawili, Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, waliourekodi mwaka 1929. Na Bonham huyohuyo, kwenye onyesho lake la peke yake jukwaani, alikuwa anatupa fimbo pembeni anapiga kwa viganja vitupu. Marehemu bibi yangu angemwona asingeuliza anafanya nini.

Sasa tuje kwa wa nne, maana yeye ndiye aliyenifungua macho. Ginger Baker. Jina lake halisi Peter Edward Baker, mzaliwa wa London 1939, mpiga dramu wa Cream kuanzia 1966 hadi 1968 pamoja na Eric Clapton na Jack Bruce. Alitumia ngoma kubwa mbili, moja kwa kila mguu. Mtu mgomvi, hilo kila aliyefanya naye kazi anakubali. Lakini kaa umsikilize. Mikono inakwenda njia moja, miguu inakwenda nyingine, na mahali fulani vyote vinakutana kama watu wawili waliotokea Soni na Magamba wakakutana sokoni Lushoto bila kupanga.

Aliipata wapi hiyo? Baker mwenyewe alisimulia mara nyingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa jazi, mpigaji mkubwa wa London aitwaye Phil Seamen alimsikia, akamchukua hadi nyumbani kwake na kumwekea santuri za ngoma za Afrika. Zilikuwemo ngoma za Watutsi. Akamtaka asikilize mpaka alione pigo lilipo. Baker alisema usiku ule ulibadilisha maisha yake. Nyote mnajua Watutsi wanatoka wapi: Rwanda na Burundi, hapo ng'ambo ya Kagera na Kigoma. Kwa hiyo huyu mwalimu wangu wa kizungu naye alifundishwa na majirani zangu, kwa njia ileile niliyofundishwa mimi: sauti iliyorekodiwa, bila mwalimu kuwepo chumbani.

Kama hujui nazungumzia pigo gani, jaribu sasa hivi hapo ulipo. Mguu upige mbili, taratibu: moja, mbili, moja, mbili. Katika muda huohuo mkono upige tatu, zenye nafasi sawa. Mara ya kwanza utachanganyikiwa. Ukishaipata, usihesabu tena, sikiliza tu. Utaona unaweza kulifuata pigo la mguu ukasikia wimbo mmoja, au kulifuata la mkono ukasikia wimbo mwingine, na hakuna aliye mkuu. Basi hapo umeonja alichosikia Baker kwenye chumba cha Seamen.

Baker hakuishia kusikiliza. Mwaka 1971 alisafiri kwa gari kuvuka Sahara mpaka Nigeria. Mwaka huohuo akatoka na albamu ya moja kwa moja akiwa na Fela Kuti, kisha 1973 akafungua studio Lagos. Mpiga dramu wa Fela alikuwa Tony Allen, na mwaka 1978 Baker na Allen walipiga dramu pamoja kwenye tamasha la jazi Berlin. Baker alifariki Oktoba 2019, Allen akafuata Aprili 2020. Nilikuwa sekondari, na nakumbuka mjomba alivyozima redio akakaa kimya.

Turudi Burundi kidogo, kwa sababu huko ndiko habari inapouma. Kwa Kirundi neno ingoma lina maana mbili: ngoma, na ufalme. Si ajabu, maana ngoma zilikuwa za mwami. Zinachongwa kutoka kwenye gogo la mti ambao Warundi wanauita umuvugangoma, na sisi kwa Kiswahili tunauita mringaringa. Ngoma moja inakaa katikati, ndiyo kiongozi. Nyingine zinashikilia mdundo usiobadilika, na nyingine zinamfuata kiongozi kila anapogeuka. Novemba 1966 ufalme ukafutwa. Mwaka uliofuata Wafaransa wakafika na mashine zao wakarekodi kundi la wapiga ngoma, sauti ikatoka kwenye santuri ya muziki wa Burundi.

Mwaka 1971 Mfaransa mmoja akachukua ngoma hizo, akaweka gitaa na piano juu yake, akaziita Burundi Black, zikaingia kwenye chati za Uingereza. Jina lililobandikwa kwenye santuri ni Burundi Steiphenson Black, na Steiphenson ndiye huyo Mfaransa mwenyewe kwa jina la kazi. Mwaka 1975 Joni Mitchell wa Kanada akatumia ngoma za Burundi kwenye wimbo wake The Jungle Line. Mwaka 1980 Adam and the Ants wakatoa albamu yenye wapiga dramu wawili kwa pamoja, mtindo waliouchota hukohuko, wakawa nyota. Tunamjua Adam, tunamjua Joni, tunamjua Steiphenson. Wale waliosimama nyuma ya ngoma siku ile 1967, dunia ikawajua kwa jina moja la jumla: wapiga ngoma wa Burundi. Basi. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza ngoma hizo kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na ni heshima kubwa, ila nayo ni heshima ya taifa zima.

Hapa naomba nieleweke. Sisemi kwamba kila kitu kimetoka kwetu, wazungu wameiba, tufunge mjadala. Huo ni uvivu. Ile seti ya dramu yenyewe ilizaliwa Marekani, pale mtu mmoja alipoanza kufanya kazi za wapigaji kadhaa wa bendi ya matembezi, na pedali ya mguu ya Ludwig ya mwaka 1909 ikasaidia sana. Matoazi yana mizizi Uturuki, ukoo wa Zildjian ulianza kuyafua Istanbul mwaka 1623. Ngoma ndogo ya mbele ni ya askari wa Ulaya. Mapigo mengi yalikuja na watumwa na wajukuu zao. Ukikaa kwenye kile kiti umekaa njia panda. Kwa hiyo "ngoma za kizungu" haipo, na "ngoma za kwetu tu" haipo pia. Kilichopo ni watu waliopiga, na swali langu ni nani aliandikwa na nani hakuandikwa.

Ndipo nikamgeukia mjomba.

Mjomba ni kifungua mimba, mama yangu ni kitinda mimba. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliteremka mlima kwenda Tanga kutafuta kazi, akaishia kupiga dramu kwenye bendi ya vijana. Tanga ya wakati ule si mchezo. Walikuwepo Atomic Jazz, walikuwepo Jamhuri Jazz, na vijana wa magitaa ya umeme waliokuwa wanapiga kopi za nyimbo za nje. Hawa Kilimanjaro Band, wana Njenje, walianzia hapohapo Tanga, kwanza wakiitwa The Love Bugs, baadaye The Revolutions. Haukuwa wakati rahisi kwa vijana wa namna hiyo. Novemba 1969 uongozi wa Mkoa wa Pwani, ambao ndio uliokuwa na Dar es Salaam, ulipiga marufuku muziki wa soul, kwa hoja kwamba unaharibu utamaduni. Kwa hiyo mzee wangu wa kwaya hakuanzisha kitu. Alikuwa anarudia kesi yenye umri wa zaidi ya miaka hamsini.

Lakini muziki haukukaa kimya. Dar ikawa na Sunburst, bendi ya roki yenye ladha ya kwetu, ikiwa na James Mpungo kwenye kuimba na Hembi Flory Kongo kwenye gitaa. Walitoa albamu ya Ave Africa mwaka 1976, na mwaka 2016 ikatolewa upya na Strut ya London. Mpiga dramu wao anaitwa Johnny Rocks. Nililiandika jina lake kwenye daftari langu la maandalio ya masomo, chini ya somo la Kidato cha Pili, ili nisilisahau.

Mjomba sasa sikio la kushoto halisikii vizuri. Ndilo lililokaa upande wa matoazi miaka yote. Kwa hiyo nilikaa kuliani kwake, nikamwekea Baker kwenye simu. Akatabasamu. Akaniambia santuri ya Cream aliisikia Tanga kwa rafiki yake aliyekuwa na ndugu baharia. "Nilipomsikia yule Mwingereza nilicheka, mjomba. Nikasema huyu kalelewa na nani? Miguu yake inakwenda kama mdumange wa harusi ya dada yangu."

Nikamsimulia habari ya Phil Seamen na santuri za Watutsi. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ala! Kumbe nilikuwa najifunza kwa majirani, lakini kwa kupitia London." Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akageuza ndoo ya maji, akapiga kwa viganja ule mdundo aliousikia utotoni kabla hajaiona seti yoyote ya dramu. Akapiga polepole, akiacha vitundu. Vitundu vya Charlie Watts kabisa! Ila alivijua kabla hajawahi kulisikia hilo jina. Nikajaribu kumfuata. Akanizuia mkono. "Unajaza mno. Acha mwenzako apite."

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kipindi cha vyanzo vya historia. Masimulizi ya mdomo, maandishi, mabaki ya kale, si mnakumbuka. Nikaacha ubao. Nikagawa darasa mara mbili: upande wa dirishani wapige mbili kwenye madawati, upande wa mlangoni wapige tatu. Vurugu ya dakika mbili, halafu ghafla ikashika. Wanafunzi zaidi ya hamsini, bati linaitikia, mkuu wa shule anachungulia mlangoni. Binti mmoja wa nyuma, ambaye wiki sita hakuwahi kunyoosha mkono, akanyoosha: "Mwalimu, hii bibi anapiga kwenye kinu." Nikamwambia andika. Andika jina la bibi yako na mwaka huu, umeshakuwa na chanzo.

Jumapili yangu ya mwisho niliomba ruhusa nipige wimbo mmoja. Shuka likatolewa. Nilipiga kidogo sana, nikaacha nafasi, nikawapisha waimbaji. Yule mzee hakusema kitu. Baada ya ibada akanipa mkono, akauliza naondoka lini, akanipa mfuko wa matunda damu wa kupeleka Dar. Kwa wazee wa kwetu hiyo ni hotuba ndefu.

Usiku wa kuamkia safari nilimwambia mjomba nataka niandike habari zake hapa, jina lake, bendi yake, miaka yake. Bendi ilirekodi nyimbo kadhaa wakati wake. Anachokumbuka ni waimbaji na mpiga solo kutajwa, yeye hapana. Nilidhani atafurahi. Akakataa katakata. "Sitaki maneno na waliokufa, watasema nimejisifu peke yangu. Andika tu mpiga dramu."

Nimebishana naye kwa simu mara tatu tangu nirudi. Bado anakataa, na mimi ni mpwa, siwezi kumvunjia neno. Lakini jina nimeliandika kwenye daftari langu, ukurasa mmoja na Johnny Rocks, pamoja na majina ya wenzake wanne aliowakumbuka. Wawili amekumbuka jina la utani tu. Likizo ijayo narudi kuuliza tena, nitakaa upande wa kulia.

Wadau, kama una mjomba, babu au shangazi aliyewahi kupiga kitu chochote, iwe dramu, tumba, tarumbeta au kinu, muulize mwaka huu. Uliza walikuwa wangapi na nani alikaa wapi. Halafu njooni mnisimulie. Kitanda kinaniita, na jirani wa chini kashaanza kugonga dari kwa fagio.

Anagonga mbili. Mimi nitamjibu tatu.

Nawasilisha.